Ramani Iliyompeleka Mja Mzito Mochwari

Saa moja asubuhi, fundi wa mabango amesimama kando ya geti la hospitali, mikono nyuma kama anayesubiri kusomewa hukumu. Ukutani, ramani yake mpya haijakauka vizuri. Nzi mmoja amenasa kwenye wodi ya watoto.

"Huyo usimtoe," askari wa getini anamwambia. "Ndiye wa kwanza kufika bila kuuliza."

Leo ndiyo leo. Mganga mkuu ametoa sharti: watakaomuuliza askari njia wakifika ishirini kabla ya saa sita, ukuta unapakwa chokaa, na ramani za zahanati nne anapewa mwingine kuzichora. Fundi ana miaka hamsini na mbili na watoto watano. Tangu mabango ya mashine yaingie mjini, hupata kazi mbili kwa mwezi, tena mwezi ukiwa mwema.

Ramani ya kwanza aliichora kwa siku kumi na nane. Ilipendeza kama bibi arusi. Kaskazini aliiweka juu, kama alivyofundishwa darasa la tano. Bahati mbaya, anayeutazama ukuta huo anaelekea kusini. Kilicho kulia kwenye ramani kiko mkono wake wa kushoto.

Kesho yake, bwana mmoja aliifuata ramani na mkewe mwenye uchungu mpaka mochwari.

"Nikawaambia huyu bado," anakumbuka mhudumu wa huko. Mama alijifungua salama, wodini.

Askari huhesabu kwa mistari ya chaki. Kabla ya ramani, waliouliza njia walikuwa arobaini kila asubuhi. Baada yake, sabini na mmoja.

Aliyemnusuru fundi ni shangazi yake, ambaye hajui kusoma na mdomo wake hauna breki.

"Shangazi, hiyo nukta nyekundu ndiyo wewe."

"Mbona umenikondesha hivyo?"

"Sasa, kaskazini ni..."

"Kaskazini naijulia wapi? Mimi naona tenki la maji. Tenki lako liko wapi?"

Hakulichora. Alikuwa amechora ofisi ya mhasibu, na ya msaidizi wa mhasibu.

Akafuta yote. Sasa kilicho mbele ya mtu kiko juu, tenki limekaa katikati, kubwa, la buluu, na badala ya maneno pana jicho, jino, mtoto. Wahasibu watajitafuta wenyewe.

Saa tatu shangazi anaingia, anakwenda kupimwa macho. Anatazama ukuta, anatazama tenki, anaondoka. Kwenye tenki anasimama. Fundi anashika kichwa. Kumbe anavaa kiatu vizuri. Anakata kulia, haonekani tena.

Saa sita kasoro dakika tano, mganga mkuu anafika kuhesabu chaki. Kumi na tisa.

Hapo hapo shangazi anatokea, mwendo wa haraka, moja kwa moja kwa askari. "Baba, samahani, hivi..."

"Shangazi!" fundi anapiga kelele. "Niulize mimi!"

"Haya, wewe. Choo kiko wapi?"

Askari anakohoa. "Daktari, hata hao kumi na tisa, kumi na wanne walikuwa wanauliza choo."

Mganga mkuu anacheka mpaka anavua miwani. "Ukuta unabaki. Weka choo."

Fundi ameshachovya brashi. Akimaliza zahanati, anataka kuomba kazi ya kuchora ramani ya stendi, kisha ya soko.

"Kote huko nitaanza na choo," anasema. "Shangazi, ni nyuma ya tenki, kushoto."

Shangazi ameshafika nusu ya njia.