Kaseti Isiyovunjwa Meno

Kwetu, kabla ya vita, barua hazikuandikwa. Zilisemwa. Mwenye jamaa Mombasa, Aden au Jeddah alikaa na redio kaseti mapajani, akabana vitufe viwili kwa pamoja, cha kupigia na kile chekundu cha kurekodia, akaanza kusalimu: mama kwanza, kisha shangazi, kisha majirani mmoja mmoja hadi muuza mafuta ya taa. Salamu peke yake zilimaliza nusu ya upande. Kaseti ikifika, watu waliketi mkekani wakasikiliza, wakacheka, wakalia kidogo, kisha wakarekodi jibu juu ya sauti ile ile na kaseti ikarudishwa ilikotoka. Hatukuona ubaya wowote. Kaseti zilikuwa chache, na maneno yakishasikiwa yamekwisha kufanya kazi yake.

Adabu ilikuwa moja tu. Ukingoni mwa kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, kile kitufe chekundu hakishuki tena, na kaseti haiingii sauti nyingine. Sisi tulivivunja kwa sababu moja: kumwambia mtu kwamba hutaki jibu lake. Jirani yetu mmoja wa Kismayo aliletewa kaseti na mumewe aliyekuwa baharia. Akaipokea, akapitisha kidole gumba ukingoni, akainuka kwenda kufunga nguo zake. Hata hakuisikiliza. Talaka ni talaka, ya nini kukaa kungojea salamu za majirani zimalizike?

Nayasema haya mapema kwa sababu watu wa huku niliko sasa, nikiwasimulia kosa langu, huniuliza swali moja wote: "Kwa nini hukuvivunja?" Huwa nageuza mazungumzo, au naghadhibika, kutegemea siku hiyo nimeamkaje.

Vita vilipoingia Kismayo, mimi na mama tulikimbilia Chovai, kisiwa alichozaliwa yeye. Kaka yangu alibaki kulinda nyumba. Nyumba yenyewe vyumba viwili nyuma ya bandari, na ndani hamna la maana ila cherehani yangu. Ni mimi niliyemwambia, tukiwa tayari tumebeba mafurushi, "Cherehani usiiache." Sikusema jitunze. Nilisema cherehani. Nimelibeba neno hilo miaka yote na bado halijapungua uzito.

Baada ya wiki kadhaa mvuvi mmoja wa Koyama, kisiwa jirani, akatuletea kaseti kutoka kwa kaka. Ilikuwa fupi, kwa desturi yetu fupi mno. Alimsalimu mama, akanisalimu mimi, akasema cherehani ipo, ameifunika gunia. Akamkumbusha mama dawa ya macho. Akamaliza: "Mama, nijibu upesi nisikie sauti yako. Nikipata mashua naja." Tulikuwa bado tunatafuta betri za kurekodia jibu watu walipokuja kutuambia kwamba ameuawa mlangoni pale pale, na kwamba majirani wawili ndio waliomzika. Jibu halikurekodiwa. Mama aliifunga kaseti ndani ya kipande cha leso, na kile kifurushi kikaenda nasi hadi kambini Kenya, na miaka baadaye, watu wa misaada walipoturudisha visiwani kwa mashua zao, kikarudi nasi Chovai.

Kilichorudi pungufu ni mama. Ilianzia kambini, kidogo kidogo. Alitia chumvi kwenye chai, tukacheka. Alisali adhuhuri, akakunja msala, akaukunjua, akasali adhuhuri, na hapo hatukucheka tena. Tulipofika Chovai akaanza kuuliza.

"Mwanangu yu wapi?"

Mara ya kwanza nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia kweli, maana kusema uongo juu ya maiti niliona ni haramu na ni uhaini. Akapiga ukemi. Akajipiga kifua, akaanguka, majirani wakaja mbio, wakatupa pole upya kama msiba wa jana. Siku ya pili yake akauliza tena. Nikamwambia tena, akalia tena kilio kile kile, na hakikupungua hata chembe, maana kwake ndiyo kwanza anasikia. Majirani walikuja mara tatu au nne. Baadaye wakawa wanasikia ukemi na kuendelea kupara samaki wao. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nafikia kuendelea kupara samaki.

Kisha akaanza kuondoka. Alijifunga leso zake vizuri, akashuka pwani, akaingia majini na nguo zake akielekea kaskazini, Kismayo. Akiulizwa aendako anajibu kwa lahaja ya kisiwani kwao, ambako mtu huitwa mchu, "Namwendea mchu wangu, yuko peke yake." Nilimtoa maji yakiwa kiunoni, yakiwa kifuani, na siku moja yakiwa shingoni. Siku hiyo nilimvuta kwa nywele, mama yangu mzazi, nikamrudisha nyumbani nikamfunga mkono kwenye mguu wa kitanda kwa leso yangu. Akaniangalia akasema, "Binti wa watu, nimekukosea nini?" Hakunijua. Nami nilimchukia. Nilikaa kizingitini nikaomba Mungu amchukue, na nilikuwa namaanisha.

Daktari alitukuta katika hali hiyo. Alikuwa mwanamke wa Mombasa, alikuja na mashua za misaada kila baada ya wiki chache, na alikuwa anafanya utafiti wa wazee waliopoteza kumbukumbu vitani. Utafiti! Nilimwuliza kama ana dawa, akasema hana. Nikamwuliza basi amekuja na nini, akasema amekuja na maswali. Nikamwambia maswali tunayo ya kutosha, tena tunaulizwa lile lile moja kutwa. Hakukasirika. Aliketi chini kando ya mama, akaiona leso iliyofungwa kitandani, akaifungua bila kuniangalia.

"Usimwambie tena kuwa mwanawe amekufa," alisema baadaye. "Wewe unamkumbusha. Yeye anafiwa."

"Nimwambie nini?"

"Tutafute kitakachomtuliza. Sauti hutuliza. Una sauti ya mwanawe?"

Nikaileta kaseti.

Safari iliyofuata alikuja na redio kaseti aliyoitengeneza yeye mwenyewe kwa ajili ya wazee kama mama. Vitufe vyote alivifunika kwa kibao chembamba, kile chekundu akakiziba kwa plasta. Kilibaki kimoja tu cha kupigia, na juu yake alikuwa amegundisha kipande cha boya la wavu, ili kidole cha mzee kikione bila kuangalia. Nilitaka kucheka. Mama akaligusa lile boya, akalijua kwa vidole kabla ya kulijua kwa macho, akalibonyeza. Sauti ya kaka yangu ikajaa chumbani.

Mama hakulia. Alijifunika leso kichwani kama mtu aliyejiwa na mgeni wa heshima, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, yuaja." Akalala. Siku ile hakwenda pwani, wala siku ya pili, wala ya tatu. Akiuliza mwanawe yu wapi, nilimsogezea boya. Nikaanza kula nikiwa nimekaa. Nikashona nguo mbili za watu kwa mkono. Daktari alinipa daftari niandike mama anauliza mara ngapi, analala vipi, amekwenda majini au hakwenda, na mimi niliyetaka kumcheka niliandika kila siku kwa mwandiko wangu mbaya. Safari mbili tatu alisoma daftari hilo akatabasamu peke yake.

Alinipa maagizo mawili. La kwanza, nimpe kaseti aende nayo Mombasa akatoe nakala. Nilikataa. Njiani majambazi wenye bunduki walikuwa wanasimamisha mashua na kuchukua mashini, nyavu, hata viatu; na hata kama wasingeichukua, siku ishirini bila sauti ile mama angekuwa maiti. La pili lilikuwa jepesi. Aliigeuza kaseti, akanionyesha ukingo.

"Hivi vijino vivunje, isije ikarekodiwa juu kwa bahati mbaya. Au nivunje mimi?"

"Nitavunja mwenyewe," nikasema haraka, nikaichukua mkononi mwake.

Sikuvunja. Alipoondoka nilikaa nayo na sindano kubwa ya kushonea matanga. Kaka yangu alikuwa ameomba jibu: nijibu upesi, nisikie sauti yako. Hakujibiwa. Sasa nimvunjie meno? Nimfungie mlango yeye, aliyekaa mlangoni kwa ajili ya cherehani yangu? Najua alikuwa amekufa. Nilijua siku ile pia, sikuwa mimi niliyepoteza akili. Mkono ulikataa tu. Nikairudisha ndani ya redio nikajiambia plasta inatosha.

Plasta haikai kisiwani. Chumvi inaingia kila mahali, gundi inalainika. Asubuhi moja nilikwenda kisimani, na foleni ilikuwa ndefu kwa kuwa maji yalikuwa yanapanda taratibu. Niliporudi nilimsikia mama anazungumza. Halikuwa jambo geni, mara nyingi aliisemesha ile redio. Nikatua ndoo. Nikasikia sauti yake imenyooka, sauti ya zamani, ya mama wa Kismayo aliyekuwa akituma kaseti Aden na kutawala maisha ya watu walio mbali. Nikachungulia. Amejifunika leso, ameketi wima, kibao cha redio kimebanduka kando, kipande cha plasta kimemganda kidoleni. Vitufe viwili viko chini.

Amefanya kama alivyofanya maisha yake yote. Amesikiliza barua hadi mwisho, akairudisha nyuma mpaka mwanzo, akawa anajibu.

Nilipiga kelele. Nikamnyang'anya redio, akaanguka ubavu, akaanza kutetemeka. Nilibonyeza, nikarudisha, nikabonyeza. Nilitafuta upande wote nipate sekunde moja tu ya kaka yangu, hata kikohozi. Hakuna. Yeye alisema kidogo, mama alisema mengi. Sauti yake yote aliifunika.

Badala yake mama yangu anasema hivi, maneno nayajua kwa moyo: "Mwanangu, salamu. Sisi wazima. Dawa ya macho nimetia. Hapa kuna binti mmoja anitunza, mkali lakini si mbaya, ukija umpe chochote. Wachu hawa wameniambia neno baya juu yako, sikuwajibu. Wewe huwezi kuondoka bila kuniaga mimi. Waja lini? Niambie siku, nipike. Waja lini?" Na anauliza hivyo, waja lini, waja lini, mpaka sauti yangu inaingia ikipiga kelele, na hapo imekatika.

Daktari aliporudi nilimtukana. Nilimwambia utafiti wake umemwua kaka yangu mara ya pili. Aliuliza jambo moja tu, "Vijino hukuvivunja?" Nilipotikisa kichwa hakunilaumu. Aliinama akaandika kitu katika karatasi zake. Alisema tujaribu sauti yangu. Tukarekodi upande wa pili, mimi nikisalimu kama alivyosalimu kaka. Mama alisikiliza kwa adabu, kisha akashuka pwani.

Basi leso ikarudi kwenye mguu wa kitanda. Sindano nayo nikaitoa. Nilivunja vijino vyote viwili, tak, tak, bila kusita, maana sasa sauti iliyobaki humo ilikuwa ya mama, na mama nilikuwa namwona anaisha.

Alisikiliza kaseti ile mara moja tu tangu nivunje. Ilikuwa baada ya alasiri, nimemfungua mkono ili nimwogeshe, akaliona boya akalibonyeza. Nilitaka kuizima, nikachelewa. Mwanamke akaanza kusalimu. Mama akajifunika leso, akasikiliza. Aliposikia waja lini, waja lini, machozi yakamtoka.

"Maskini," akasema. "Huyu ni nani?"

"Mchu tu, mama. Wa Kismayo."

"Mwanawe amekufa. Hasikii mwenyewe? Amekufa mwanawe. Mbona hawamwambii?"

Nikamwambia hawajui wamwambieje.

"Lete. Nitamjibu mimi. Asingoje hivi."

Akaitoa kaseti mwenyewe, vidole vikijua kazi yake, akaigeuza ili kuipuliza vumbi kama tulivyokuwa tukifanya kabla ya kurekodi. Kidole gumba kikapita ukingoni. Kikasimama kwenye tundu la kwanza, kikaenda la pili, kikarudi. Jina langu alikuwa amelisahau, na mwanawe, na mwaka, na vita. Hilo hakulisahau.

"Ah," akasema. "Hataki jibu."

Akaifunga kwenye ncha ya leso yake, akanipa kwa mikono miwili, akanyoosha mkono wake mwenyewe kwenye mguu wa kitanda ili nimfunge.