Siku Niliyowafuta Wazee

Mtu akiniambia jambo mara ya pili, damu hunichemka. Kwa hiyo meneja alinikera kweli nilipoanza kazi ya kompyuta katika chama cha wafugaji kule Embu, nikiwa bado kwenye majaribio ya miezi mitatu. Mama huyo zamani alikuwa mwalimu wa hesabu. Kila nilipoendesha skripti, yaani amri zilizopangwa zijiendeshe zenyewe, kwenye kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, alisimama nyuma yangu: "Kijana, umewasha kumbukumbu?"

Alimaanisha faili linaloandika kila amri ambayo hifadhidata imetekeleza, ili baadaye ujue ulifanya nini. Kuiwasha ni kuongeza neno moja tu. Lakini ilijaza kioo cha kompyuta mistari, nami nilijiona fundi. Siku aliyokwenda mkutanoni Nkubu, nikaendesha bila kumbukumbu skripti ya kufuta wanachama walioandikwa mara mbili. Niliiagiza hivi: jina sawa, kijiji kimoja, abaki aliyejiandikisha karibuni. Ikaisha kabla sijapiga chafya, nikajipongeza kwa chai na andazi.

Upuuzi gani huo! Mimi, Mwembu halisi, niliyepewa jina la babu kama kila kifungua mimba wa kiume kwetu, nilisahau kwamba huku jina moja lina wenyewe wawili, mzee na mjukuu. Niliwafuta wazee, nikawaacha wajukuu.

Jumatatu wakaja na bakora zao. "Dereva wa gari la maziwa amekataa mtungi wangu. Ati sipo!" mmoja alifoka. "Nipo ama sipo? Niguse!" Nikamgusa bega.

"Lete kumbukumbu tuone uliowafuta," meneja akasema. Sikuwa nayo, na nakala ya akiba ilikataa kufunguka. Akanipa hadi Ijumaa niwapate wote, la sivyo kazi basi.

Nikazunguka vijiji kwa miguu, nikipiga hodi na kuuliza, "Samahani mzee, dereva anasema upo?" Wengine walinipa uji kwanza, ndipo wakanitukana.

Ijumaa asubuhi nikakumbuka kwamba hata mimi nilikuwa nimejiandikisha uanachama majuzi, kwa ndama wangu mmoja. Mungu wangu! Nikakimbia hadi kwa guka, babu yangu. Nilimkuta zizini akiwagawia watoto wa jirani maziwa.

"Guka, dereva alikukataa?"

"Tangu Jumatatu."

"Na mbona hukuja ofisini kama wenzako?"

Aliendelea kumimina. "Nije kukushtaki? Nilisikia walalamikaji wakiwa wengi utafukuzwa. Nikaona wapungue kwa mmoja."

Nililia pale pale mbele ya ng'ombe, mwanaume mzima, naye akanisukumia kikombe. Kazi haikunitoka, jioni nilimpelekea meneja orodha kamili. Lakini aibu niliyoiona zizini mwa guka sijawahi kuiona tena.