Picha Alizopakua Mwalimu Rahma

Hashiru aliingia darasani akimburuta binti yake kwa nywele. Kwa mkono wa kulia alishika panga, na kwapani alibana daftari la baiolojia. Ilikuwa saa nne asubuhi, Kidato cha Tatu, katika shule moja ya kata huko Chole, Kisarawe. Binti huyo, Shamsia, alikuwa ameshapigwa tangu nyumbani. Mdomo umepasuka, sare imelowa damu begani.

"Nani kamchoresha mwanangu uchafu huu?"

"Ni mimi, baba Shamsia," akajibu Mwalimu Rahma. "Ni somo. Mwachie mtoto tuongee."

Rahma alikuwa mzaliwa wa Maneromango. Shuleni kwake kitabu kimoja kiligombewa na wanafunzi kumi, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili alikwenda Kibaha kwa dada yake, pale Kwa Mathias, ambako mtandao hausuasui, akapakua masomo ya bure yenye picha. Hakuzoa kila alichokiona. Alichukua yale tu ambayo wenyewe wameruhusu yanakiliwe, akayatazama mwanzo hadi mwisho, yenye makosa akayatupa. Kisha aliongeza majina ya viungo kwa Kiswahili, na chini ya kila picha akaandika jina la aliyeichora. Mchoro wa mfuko wa uzazi aliurekebisha mara tatu. Huo ndio Shamsia aliounakili daftarini, na ndio baba yake aliouita ukahaba.

Hashiru hakutaka maongezi. Alimtupa binti sakafuni, akainua panga. Rahma akajitia katikati. Ubapa ulimshukia mkononi, mfupa ukalia kama kijiti kikavu. Pigo la pili likasambaratisha projekta aliyoitumia kuonyesha picha ukutani. La tatu lilielekea shingoni, ila Hashiru alijikwaa kwenye dawati, akaanguka, na panga likamponyoka.

Hapo darasa zima likamrukia. Walimpiga kwa ngumi, kwa vipande vya viti, kwa tofali lililokuwa likizuia mlango. Jicho lake la kushoto lilipasuka. Watoto ambao jana yake waliona haya kunyoosha kidole sasa walikuwa wanamkanyaga mtu kifuani. Rahma aliwakataza, hakuna aliyesikia. Akamlalia yule mtu, na mateke mawili yakampata yeye mgongoni kabla hawajatambua wanampiga nani.

"Acheni," alisema. "Atakufa, na mtakuwa mmemuua ninyi."

Hashiru alipona bila jicho moja, akafungwa mwaka mzima. Shamsia akahamia kwa shangazi yake. Mkono wa Rahma uliunga upande upande. Wanafunzi wanne walisimamishwa masomo, na hilo lilimuuma kuliko mfupa. Mkuu wa shule alimsihi aachane na picha hizo. Alikataa, lakini alikiri kosa moja: watoto aliwaandaa, wazazi hakuwaandaa. Muhula uliofuata, kabla ya kufundisha somo lile, aliwaita wao kwanza.

Walikuja wanawake saba. Mmoja alikuwa Mwanamkuu, mke wa Hashiru, mwenye kovu la zamani kidevuni. Aliukodolea macho mchoro kwenye kompyuta ya Rahma kwa muda mrefu, kisha akauliza mtoto hukaa wapi hasa. Rahma akamwonyesha kwa mkono ule mzima.

"Nimezaa sita, mwalimu," Mwanamkuu alisema. "Hakuna aliyewahi kuniambia."

Akaomba picha zirudishwe nyuma, waanze upya.