Mbili Nukta Tatu

Mke wa fundi vioo hakuwa mtu wa kukisia. Alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka ishirini na mbili, futi kamba ikimning'inia shingoni hata anapokwenda msibani, na mtaa mzima ulimwita Futikamba, usoni na kisogoni. Akimwona mtoto anapita njiani angesema, "Yule kiuno inchi ishirini na tatu," na ukienda kupima ni ishirini na tatu kweli. Watu wa aina hii ni wazuri kuwa nao karibu. Kasoro yao ni moja tu: wakishakiamini kipimo, hawamsikilizi tena anayepimwa.

Miaka mitatu kabla ya Jumamosi ya mkasa huu, mumewe aligundulika kuwa na kisukari. Sista wa kliniki aliwakalisha wote wawili kwenye benchi akawaeleza kwa kirefu: sukari inavyopanda, sukari inavyoshuka, dalili za huku na dalili za kule. Fundi alisinzia, maana alikuwa ametoka kupachika vioo vya ghorofa zima. Futikamba alikaza masikio, lakini mwenye hofu husikia nusu. Baba yake mzazi alikatwa mguu mmoja kwa sukari, kisha wa pili, kisha akafa, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akatoka pale na neno moja tu kichwani: sukari inaua, ishushwe.

Basi akatangaza vita. Sukari ikahama nyumbani, hata ya wageni. Akaenda kwa mwenye duka aliye jirani na karakana ya mumewe, akamwapisha kwamba hatamuuzia fundi soda wala pipi, wala mtu yeyote atakayesema ametumwa na fundi. Mwenye duka akacheka. Wiki iliyofuata Futikamba akamtuma jirani yake kwenda kumtega, jirani akauziwa chupa moja, na siku hiyo mwenye duka alisemwa mbele ya wateja mpaka akatamani kufunga duka. Tangu hapo hakucheka tena. Kisha Futikamba akaingia karakanani kwenyewe, akasimama katikati ya vioo, akawaambia mafundi, "Atakayempa mume wangu kitu kitamu, ajue amemchimbia kaburi." Nao wakaitikia, maana walimpenda fundi, na mkewe walimwogopa.

Kila asubuhi alimchoma mumewe kidole, akapima, akaandika namba kwa chaki ya kushonea kwenye mlango wa kabati. Namba ziligoma kwenye nane. Nane, nane na nusu, nane. Zikamkera kama mshono uliopinda. Ndipo wiki mbili kabla ya Jumamosi ile akafanya hesabu zake: kidonge kimoja kinaleta nane, basi kimoja na nusu kitaleta sita. Kwa kitambaa, hesabu hiyo ingekuwa sawa kabisa. Hakumwuliza sista, hakumwuliza daktari, na hakumwambia mumewe, ambaye kila siku alipokea vidonge kiganjani na kuvitupa mdomoni bila kutazama. Wakati huohuo akampunguzia na chakula cha asubuhi.

Na kweli, namba zikashuka. Ikaja sita. Ikaja tano. Wiki ya pili ilipokaribia kuisha ikaja nne. Ni kweli fundi alianza kuamka na fulana imelowa jasho, na mara mbili alimfokea mkewe kwa jambo la kijinga, yeye mtu mpole asiyejua kufoka. Futikamba aliona yote mawili. Akasema ni joto, na ni uzee.

Jumamosi, saa tano, simu ikaita akiwa kwenye cherehani. Alikuwa Silikoni, fundi mwenza wa mumewe, aliyepewa jina hilo kwa sababu gundi ya vioo haikumtoka vidoleni.

"Shemeji, njoo. Fundi hayuko sawa."

"Amejikata?"

"Hajajikata. Anatetemeka. Kisu kimemponyoka mara tatu, kioo kizima kimepasuka. Halafu anatutukana, shemeji. Fundi anatukana!"

"Anasemaje?"

"Anasema moyo unamdunda, anaona vitu viwiliviwili, ana njaa hajawahi kuisikia. Anataka soda. Anasema tumpe soda au anakufa. Tumemnyima, kama ulivyotuagiza."

"Mmefanya vizuri sana," Futikamba akasema. "Msimpe. Nakuja."

Alichukua mkoba wenye kipimo na vidonge akatoka bila kuzima cherehani. Njia nzima alimwona baba yake, lile shuka la hospitali lililolala bapa pale ambapo palipaswa kuwa na mguu. Imepanda, alijisemea. Amekula kitu kwa siri na sasa imepanda. Alitembea kwa kujikwaa huku akizungumza peke yake, na waliompisha njia walidhani anagombana na mtu.

Karakanani alimkuta fundi amekalishwa kwenye kreti tupu kando ya meza ya kukatia. Feni ilikuwa inampuliza, na bado shati lilikuwa limegandamana na mgongo. Midomo ilikuwa imepauka. Mikono ile, ambayo ilikuwa inapitisha kisu juu ya kioo kwa mstari mmoja bila kurudia, ilikuwa inarukaruka mapajani. Futikamba akamgusa shingoni: jasho tele, na chini ya jasho, baridi.

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kioo cha kabati lake akasonya. "Huyu amelewa. Saa hizi!"

"Mume wangu hanywi," Futikamba akamjibu bila kugeuka. Akamshika fundi kidole, akachoma, akakamua tone, akaweka kwenye kipimo. Kikahesabu. Kikaandika mbili nukta tatu.

Ni aibu kulisema, lakini lisiposemwa mkasa huu hautaeleweka: alifurahi. Kwa pumzi moja au mbili, huyu mwanamke alifurahi kwa moyo wake wote. Alikuwa amekuja akitarajia ishirini. "Imeshuka!" akawaambia mafundi, akawageuzia kipimo wakione. "Mbili! Haijawahi kufika mbili! Mnaona? Si sukari. Baba watoto, si sukari, usiogope, sukari yako safi kabisa."

Fundi akainua uso, akamtazama kwa adabu, kama anavyowatazama wateja.

"Mama, kioo chako hakijawa tayari," akasema, ulimi mzito. "Njoo Jumatatu. Uje na vipimo."

"Ni mimi," Futikamba akasema.

"Jumatatu, mama."

Hofu iliyompata Futikamba hapo haikuwa ile ya njiani. Ile ya njiani ilikuwa na sura, ilikuwa na shuka na mguu. Hii haikuwa na kitu. Mume aliyeishi naye miaka ishirini na sita alikuwa anamtazama na hamjui, na kipimo, ambacho alikiamini kuliko watu, kilikuwa mkononi kikimwambia kila kitu ni kizuri. Alimpigia sista wa kliniki.

"Sista, mume wangu haniju— hanijui. Anatetemeka, ana jasho, lakini sukari si tatizo, nimempima, ni mbili nukta tatu."

"Ngapi?"

"Mbili nukta tatu."

"Mama, mpe sukari! Sasa hivi!" Sista alipiga kelele kiasi kwamba Silikoni alisikia kwenye simu isiyo yake. "Imeshuka mno. Ubongo wake hauna chakula. Anaweza kumeza?"

"Sukari? Sista, ana kisukari—"

"Mama! Anaweza kumeza?"

"Anaongea. Anaweza."

"Soda, ile ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Au maji na vijiko vitatu vya sukari. Anywe taratibu. Akizimia usimtie kitu mdomoni, atapaliwa, mkimbize hospitali. Nenda!"

Silikoni alikuwa tayari ameanza kupekua mashelfu, na hakukuwa na kitu. Kwa nini kuwe na kitu? Ilikuwa karakana pekee mtaani ambayo mafundi wake walikunywa chai kavu bila sukari, kwa heshima ya mgonjwa mmoja na kwa woga wa mkewe. Futikamba akakimbia.

"Soda!" akamwambia mwenye duka. "Nipe soda, haraka, ya fundi!"

Mwenye duka akainua mikono yote miwili kama mtu aliyeonyeshwa bunduki. "Mama, siuzi. Safari hii hunitegi."

"Sikutegi! Nipe!"

"Uliniapisha wewe mwenyewe. Mbele ya watu. Soda ya fundi mimi siijui."

"Anakufa!" Futikamba akasema, na lilipomtoka neno hilo ndipo naye alipoliamini. Hakungoja jibu. Alipanda kwa goti juu ya meza ya duka, akafikia friji, akavuta chupa ya kwanza iliyomjia mkononi, na chupa nyingine mbili zikaanguka na kupasuka nyuma yake. Mwenye duka aliiona sura yake. Alinyakua pakiti ya sukari akamfuata mbio.

Kichwa cha fundi kilikuwa kimeanza kulala begani kwa Silikoni. Futikamba alipiga magoti kwenye sakafu yenye chenga za kioo, zikamchoma, hakuzisikia.

"Baba watoto, meza. Kidogo. Haya, meza."

Fundi akafumba midomo, akageuza uso. "Mke wangu... hataki," akasema.

Hapo Futikamba alitoa sauti ambayo mafundi wale hawajaisahau. Mtu amesahau sura na jina la mkewe, lakini katazo lake hakulisahau. "Mke wako anataka," akamwambia, machozi yakimchuruzika. "Mke wako amesema unywe. Amenituma mimi. Kunywa, nakuomba, amesema unywe."

Akanywa. Funda la kwanza likamwagikia kidevuni. La pili likashuka. Futikamba alimnywesha mpaka nusu ya chupa, akimtazama koo kila mara, kisha sista akamwambia kwenye simu asubiri robo saa na kupima tena. Robo saa ile alihesabu kila kitu kilichohesabika ndani ya karakana, fremu, kreti, misumari ukutani, kwa sababu alipoacha kuhesabu alimwona mumewe amekufa. Mikono ya fundi ilikuwa ya kwanza kutulia. Kisha rangi ikarudi mdomoni. Kipimo kikasoma tatu nukta sita.

"Mama watoto," fundi akasema. "Mbona umepiga magoti kwenye vioo?"

Mama wa kioo cha kabati, yuleyule aliyesonya, ndiye aliyewapeleka hospitali kwa gari lake. Fundi alikula mkate nyuma ya gari kwa amri ya sista. Daktari alikuwa mwanamke mwenye haraka, akiuliza huku anaandika. Leo amekula nini? Kidogo sana, wakasema. Amefanya kazi nzito? Amebeba vioo tangu asubuhi. Pombe? Hanywi. Figo zimewahi kupimwa? Hapana. Dawa ni ileile, au kuna aliyebadilisha?

"Ileile," fundi akajibu. "Kimoja kila asubuhi. Mke wangu ndiye ananipa."

Daktari akaandika kimoja. Akasema kama ni kimoja, na sasa namba ni tano, watamwangalia kwa saa moja kisha aende nyumbani apumzike.

Futikamba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, magoti yakimtoka damu taratibu. Hakuna aliyejua. Mtu mwingine yeyote hakuwepo pale alipokata kile kidonge kwa wembe wa kufumulia nyuzi. Angenyamaza, wangerudi nyumbani pamoja, naye angebaki kuwa mke aliyepanda meza ya duka kumwokoa mumewe. Aliogopa uso wa fundi kuliko alivyokuwa ameogopa kitu chochote asubuhi ile, ila kimoja: kumpoteza.

"Si kimoja," akasema. "Ni kimoja na nusu. Wiki mbili sasa. Nusu niliongeza mimi. Yeye hajui."

Kalamu ya daktari ikasimama. "Basi harudi nyumbani leo," akasema. "Dawa hii inakaa mwilini muda mrefu. Jioni ingemshusha tena, na safari hii pengine akiwa usingizini." Akatoka kwenda kutafuta kitanda.

Wakabaki wawili. Futikamba alitazama sakafu. "Nilikuwa nakuua, baba watoto," akasema. "Kwa mkono wangu huu."

Fundi akamgeukia.

"Unajua kwa nini wiki ya kwanza sikuanguka?" akauliza. "Kila siku saa nne asubuhi nilikuwa nakula mkate. Mzima, na siagi. Nyuma ya kreti, peke yangu, hata Silikoni hajui. Miaka yote mitatu."

Futikamba akainua kichwa.

"Jumatatu hii nikaacha," fundi akasema. "Nilikuona umesimama kwenye kabati, umeandika sita, unaimba. Hukuwa umeimba tangu baba yako akatwe mguu. Nikaona haya. Nikasema, huyu mtu sitamdanganya tena."

Futikamba akalia kwa sauti, mbele ya wagonjwa wote, mpaka sista wa hospitali akaja kuwaangalia.