Boga la Oveni kwa Mama Asiyeweza Kukimbia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga magoti mbele ya jiko, na si kwa sala. Ilikuwa miaka ya tisini, Sugar Land, pembeni mwa Houston, katika nyumba ya babu mmoja wa Kimarekani aliyepata kiharusi. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumgeuza kitandani na kumpikia. Kuogesha na kugeuza nilifundishwa shule ya jioni, na cheti changu bado kiko ukutani, kikubwa kuliko dirisha. Kupika hawakunifundisha. Mimi ni mwanaume wa Morogoro. Hadi siku ile jikoni nilikuwa naingia kuuliza tu kama chakula kimeiva.

Oveni yenyewe ilikuwa ya gesi, kuukuu, isiyojiwasha. Unapitisha kiberiti kwenye tundu la chini huku umegeuza uso pembeni. Gesi ikikutangulia, moto unatoka na kishindo: bup! Bup yangu ya kwanza ilinirusha hadi sebuleni, na nyusi zangu zilichukua msimu mzima kuota.

Nesi Msimamizi alikuwa mlangoni ananitazama. Huyu ndiye bosi wangu wa kwanza na wa mwisho, Mkenya, mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha treni.

"Baba Neema, umeenda wapi?"

"Niko hapa, Sista."

"Hapo ni sitting room. Jiko iko huku. Rudi."

"Sista, hiki kitu kitaniua."

"Kitakuua ukikicheza. Kiogope vizuri. Kiberiti kwanza, gesi baadaye. Na hilo boga halitajioka lenyewe."

Ndiyo, boga. Ninyi vijana mnaoingia kazi ya kulea wagonjwa majumbani mtalikuta sana, yale yenye ganda gumu yanayokaa kabatini majira yote ya baridi. Kuna lenye shingo na rangi ya chai ya maziwa. Kuna dogo la kijani lenye mbavu. Kuna jingine ambalo ukilioka nyama yake inachambuka kama tambi, na hilo usimpe kabisa mgonjwa wa koo. La shingo ndilo letu. Unakata ncha zote mbili ili lisimame bila kuteleza, unalipasua kwa urefu, unakwangua mbegu na kambakamba zake kwa kijiko, unalipaka mafuta, unalilaza kifudifudi kwenye trei. Oveni iwe joto la mia nne kwa hesabu ya Kimarekani, ambayo kwetu ni kama mia mbili. Wengi wetu tulikuwa tunaweka mia mbili ya nyumbani kwenye oveni ya kwao, halafu tunakaa hadi ndevu zinaota tukisubiri boga lililopata joto la kuota jua. Limeiva pale uma unapozama bila kusukumwa. Chumvi kidogo, siagi, mdalasini ukipenda, kisha unaliponda na kulipitisha kwenye chujio.

"Kwa nini nisichemshe tu, Sista, kama kwetu?"

"Ukichemsha, boga linakunywa maji. Hayo maji yanakimbia kooni kabla koo halijajipanga, yanaingia kwa mapafu. Ukioka, maji yanatoka, linabaki zito. Zito mgonjwa anaweza ku-control. Umeelewa?"

Nilielewa, na nikaanza kuogopa upya. Kupaliwa mimi nilijua ni jambo la kukohoa mezani na watu wakacheka. Kumbe kwa aliyepata kiharusi kupaliwa kunaweza kuwa nimonia, na nimonia ni jeneza. Tangu siku hiyo nilikuwa na hofu mbili, moja ya oveni na nyingine ya kijiko.

Nilikaa na babu yule hadi familia yake ilipomhamisha, nikapangiwa wengine Alief, karibu na nilikokuwa naishi, na kila nyumba nilioka boga. Nimeoka maboga ambayo yakipangwa barabarani yanafika Meksiko. Kisha kampuni ikafungua ofisi kaskazini, Nesi Msimamizi akahamishiwa huko, akanivuta. Ndivyo nilivyofika Mansfield, miaka ya elfu mbili, kwa Mama Riziki.

Mama Riziki alikuwa Mkongo kutoka upande wa Uvira, mtu wa kanisa, mwembamba kama ufito. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande wa kulia wote. Aliishi na binti yake Riziki, aliyefanya kazi ghala la kupakia mizigo na kurudi amechoka hadi viatu vimechoka. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, anasema polepole lakini anasema, na mzaha alikuwa nao.

"Weye ni mwanaume," aliniambia nilipomfunga aproni. "Bibi yako iko wapi, anakuachia upike?"

"Yuko Houston anamaliza mambo ya nyumba, Mama. Anasali jiko lisije likaniua."

"Mi pia nitasali."

Siku zile za mwanzo alikuwa anakula uji mzito wa dukani, ambao hata mimi niliuonja nikamhurumia. Nikamwambia Riziki kesho nitaleta boga, nitalioka. Kwa wema wake, kesho yake akaniwashia oveni mapema ili nikifika iwe moto.

Sasa nani kati yetu hakuweka sufuria kwenye oveni? Kila nyumba ya watu wetu niliyoingia, oveni ilikuwa kabati. Sufuria, makarai, mabakuli ya plastiki, yote yamepangwa mle ndani vizuri. Riziki aliwasha bila kufungua mlango wake, akaenda kuoga.

Nilifika nikakuta moshi mweusi unatambaa darini, king'ora cha moshi kinapiga kelele, na Mama katikati ya sebule na mdomo wazi, hatoi sauti. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko moshi. Moshi sasa ulikuwa kati yetu na mlango wa mbele, nikashika kiti nikakimbilia mlango wa nyuma. Pale palikuwa na kizingiti kirefu cha saruji. Magurudumu yakagonga yakagoma. Nikasukuma, yakagoma. Mama mkono wake mmoja mzima ukashika fremu ya mlango na hakuuachia. Riziki akatokea na taulo kichwani, tukamnyanyua pamoja na kiti, tukamtoa uani. Ndani kulikuwa na plastiki tu iliyoyeyuka, moto wenyewe haukutoka. Lakini kule uani Mama alikuwa anatetemeka mwili wote, hata ule upande usiotikisika.

Riziki akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nyumba yao ya kwanza ilichomwa wakiwa ndani.

Kuanzia hapo Mama alikataa chochote kilichotoka kwenye oveni. Nikisogeza mkono kwenye swichi yake, anafumba macho. Nikachemsha boga. Nililikausha, nikalikamua kwa kitambaa, wapi. Maji yalijitenga pembeni ya bakuli. Kijiko cha tatu akapaliwa. Uso ukabadilika rangi, macho yakanitazama mimi, si dari, si binti yake, mimi. Nikamwinamisha mbele kama nilivyofundishwa, ikatoka. Nilikwenda bafuni nikashika sinki kwa mikono miwili, na moyo wangu ulikuwa unapiga kiasi kwamba jirani angedhani natwanga kisamvu.

Kisha uji nao akauchoka, akawa anakula vijiko vya kuhesabika. Nguo zikaanza kumvuka. Nesi Msimamizi akaja na mizani yake, akampima, akaniita pembeni.

"Baba Neema, huyu anapotea. Nikirudi nimpate hivi, daktari ataweka mpira wa tumbo."

Mpira wa tumbo ni bomba jembamba la kulishia linalopitishwa kwenye ngozi hadi tumboni. Umeokoa watu wengi, sitausema vibaya. Lakini Mama alikuwa amesikia.

"Mutaniwekea mafuta kama pikipiki," akasema kutoka kwenye kiti. "Mi sitaki. Kama ni ile, muniache niende."

Riziki akaanza kulia. Nesi akaangalia mizani. Mimi nikaangalia oveni, na nawaambieni kweli, sijawahi kukichukia kitu cha bati namna ile.

Asubuhi iliyofuata nilikaa chini mbele ya kiti chake. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mambo ya usalama, waya, kipima joto, masomo yangu yote ya jioni. Nikafika nusu, akanikatiza.

"Papa Neema, mi si mujinga. Najua ile ilikuwa plastiki."

"Sasa Mama, unaogopa nini?"

"Weye uko na miguu. Riziki iko na miguu. Kama moto inatoka, nani atanibeba? Ile siku kiti ilikwama. Niliona."

Miaka yote nilidhani hofu ya mgonjwa ni kitu cha kutuliza kwa maneno matamu na kumpapasa bega. Huyu alikuwa na hoja. Kiti kilikwama, mimi ndiye niliyekuwa nasukuma.

Nikampigia Riziki simu, na jioni akaleta mbao za chaga za kupangia mizigo, zile wanazotupa ghalani. Nikazipigilia pamoja zikawa ubao mpana, tukaulaza juu ya kizingiti. Nikamtoa Mama. Kiti kikapita. Akasema, "Tena." Nikamtoa tena. "Mbio sasa." Nikamtoa mbio, mimi mzee wa watu, tukapita ule ubao kama gari la zimamoto, na jirani mmoja akasimama na mpira wa kumwagilia bustani akitushangaa hadi viatu vyake vikaloa.

"Bon, sawa," akasema Mama. "Fungula ile kintu, nione ndani."

Nikafungua oveni. Akatazama kila rafu. Ilikuwa tupu.

"Mlango wa nyuma uachwe wazi. Kiti igeukie mlango. Halafu uwashe."

Nikawasha. Tulikaa wawili, yeye akitazama uani, mimi nikitazama oveni, kama walinzi waliogawana zamu. Harufu ya boga ilipoanza kuenea, ile tamu ya sukari inayokaribia kuungua, niliona pua yake inacheza.

Nikaliponda, nikalipitisha kwenye chujio. Lilikuwa zito, likasimama juu ya kijiko bila kumwaga tone. Kidevu chini, nikamkumbusha. Kijiko cha kwanza kikaingia. Nikatazama koromeo lake, yaani pale shingoni panapopanda na kushuka mtu akimeza. Halikupanda. Nikangoja. Nilihesabu madhambi yangu yote na nikaanza kukopa ya wengine. Halafu likapanda, likashuka.

"Chumvi kidogo," akasema.

Nesi Msimamizi aliporudi na mizani, Mama alimkatalia kupimwa.

"Kwanza fungula oveni, uangalie ndani."

"Mama, mimi nimekuja kukupima."

"Humu mu nyumba hatuwashe bila kuangalia. Fungula."

Bosi wangu, mwanamke aliyenirudisha jikoni bila nyusi, akainama akafungua oveni, akachungulia, akaripoti: "Iko empty, Mama." Ndipo akaruhusiwa. Nikaoka mbele yake. Mama alipokula, Nesi alimwekea vidole viwili shingoni, kijiko baada ya kijiko, na kila mara alitikisa kichwa kukubali. Mizani ilikuwa imepanda kidogo tu, kiasi cha kuku mchanga.

"Tutangoja na ule mpira," akasema.

Haukuwekwa kamwe. Nilimlisha Mama Riziki hadi moyo wake uliposimama wenyewe akiwa usingizini, kwa amani, na tumbo lake halina tundu. Ubao ule tuliacha pale pale mlangoni. Riziki hakutaka uondolewe.

Nimestaafu sasa. Vijana huniuliza nilizoeaje. Sikuzoea. Katika maelfu ya vijiko nilivyomlisha yule mama, hakuna kimoja nilichokiingiza bila kuogopa, na sijui kama ningeweza kuwafundisha hilo darasani. Naweza kuwafundisha kukata boga. Naweza kuwaambia muulize mgonjwa anaogopa nini, halafu mnyamaze ajibu.

Mke wangu alishanifuata zamani kutoka Houston, na mimi ndiye ninayepika. Jana nilioka boga la shingo na siagi, tukakaa mezani. Ana meno yake yote, koo zima, anakula huku akinipa habari za kanisa. Mara akaweka uma chini.

"Baba Neema."

"Naam."

"Acha kunitazama shingo. Nitameza mwenyewe."

Nikageuka dirishani. Nikasubiri hadi nikasikia amemeza, ndipo na mimi nikaanza kula.