Mzee Aliyenipa Shikamoo

Mimi si mwandishi. Niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja tu hunichukua siku nzima. Lakini haya ninayokueleza sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, pale Igogo, mtaa wetu wa kando ya ziwa. Ukitaka kucheka, cheka, ila naomba ufike mwisho.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mwenye kichumba kinachotazama barabara akakigeuza duka. Mama Sofia, aliyeniajiri, alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika. Nje ya mlango tukaandika kwa rangi kwamba tunachapa barua, mitihani na kadi za harusi. Tulikuwa wafanyakazi wawili. Mchapaji alikuwa Dada Veronika, mtu wa Nansio, kule kisiwani. Mimi nilitoa fotokopi na kufagia, na jioni niliifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma, kama watu wanavyofunika redio. Dada Veronika alikuwa akimsomesha mdogo wake, Tereza, sekondari. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya yeye kuwa mjini, na alisema hivyo hata kwa wateja wasiomuuliza.

Siku moja kompyuta iliugua, kazi zikaharibika. Fundi akaja na disketi zake akaingiza programu ya kuzuia virusi. Sisi tuliiita kinga. Alama yake ilikaa pembeni, chini kwenye kioo cha kompyuta, kama ngao ndogo. Kuanzia hapo mashine ikawa salama, lakini ikawa nzito ajabu. Asubuhi ukiiwasha, kinga inapekua kila kitu kilichomo ndani kabla hujaandika neno. Mteja akileta disketi, nayo inapekuliwa kwanza. Unabonyeza herufi, unasubiri, ndipo inatokea.

"Dada, mashine yenu imelala au inasali?" wateja walikuwa wakiuliza.

"Inasali," Dada Veronika alijibu. "Na wewe ungesali usingekuwa na haraka hivyo."

Mama Sofia hakucheka. "Jirani ana taipureta," alisema. "Taipureta! Na wateja wangu wanahamia kwake."

Tulihangaika. Tuliondoa kile kitambaa tukidhani mashine inakosa hewa. Tulifungua kasha tukapuliza vumbi. Tulifuta kazi za zamani ili kupunguza mzigo. Hakuna kilichobadilika. Mimi ndiye niliyegundua, kwa kukaa kimya na kutazama, kwamba kila mashine inapogoma, kile kijitaa chekundu cha mbele kinameta, na ngao nayo inazunguka. Fundi alipoitwa akakubali. "Kinga ni kubwa, mashine ni ndogo. Ongezeni memori, au vumilieni." Mama Sofia akasema tuvumilie.

Sasa kuhusu yule mzee. Alianza kuja majira hayo hayo. Alivaa koti la kijivu lenye vifungo vyote, na mkononi alishika disketi moja. Igogo yetu mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni vumbi. Lakini miguu yake, niamini, ilikuwa safi kama ya mtu aliyetoka kuoga. Alisimama nje ya kizingiti akasema:

"Shikamoo, binti."

Dada Veronika alishtuka. "Aa, mzee! Unanikosesha adabu. Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Alitabasamu tu. "Mashine bado inapekua?"

"Inapekua, baba. Karibu ndani."

"Nitarudi," akasema, akaenda zake.

Alikuja tena na tena. Kila mara ni shikamoo, kila mara Dada Veronika anaikataa, kila mara anauliza kama mashine bado inapekua, na kila mara anaondoka. "Huyu ana haraka kuliko watu wa kivuko cha Kamanga," Dada Veronika alinitania. Lakini niliona hakupenda. Akaniambia, "Mdogo wangu, akija nisipokuwepo usimwitikie. Mtu mzima hatoi shikamoo kwa mtoto bure. Bibi yangu alituonya kuhusu watu wa namna hiyo."

"Sawa, Dada," nikasema. Nilisema sawa kwa mdomo wangu huu.

Jumamosi moja kulikuwa na mitihani ya shule kadhaa ya kutoa, na walimu wakuu wangekuja kuichukua Jumatatu. Dada Veronika alikwisha kuichapa yote. Mchana alikwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, akaniachia kazi ya kuitoa kwenye printa. "Ngao usiiguse hata ikikukera," akaniambia.

Nilianza vizuri. Lakini kila ukurasa ulikuwa safari. Mawingu yakajikusanya juu ya ziwa, chumba kikawa giza kabla ya saa zake, nami bado niko kwenye shule ya kwanza. Nilikuwa nimemwona fundi akiizima kinga kidogo siku alipokuja kuikagua mashine. Nilijua pa kubonyeza. Nikajiambia nitaizima mpaka nimalize, kisha nitaiwasha, nani atajua?

Nikaizima.

Jamani, ile mashine iliruka! Kurasa zilifunguka hata kabla sijaondoa kidole. Nilicheka peke yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilijiona fundi wa kitu.

"Shikamoo, mzee wangu."

Yule mzee alikuwa mlangoni. Mvua ilikwisha kuanza, lakini koti lake lilikuwa kavu. Mimi ni mtu wa aibu. Watu wakubwa huwa hawanioni. Pale nyumbani hata watoto wadogo walichelewa kuniamkia. Na huyu mzee mwenye mvi alikuwa ameinama kidogo, akinisubiri kwa heshima kabisa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilisahau onyo. Au sikusahau. Nilitaka kusikia inavyokuwa.

"Marahaba," nikasema.

Akavuka kizingiti. "Mashine bado inapekua?"

"Haipekui tena," nikajibu kwa majivuno.

Akanipa disketi. Ilikuwa ya baridi kama sangara aliyetolewa kwenye barafu, vidole vikaniuma. "Ifungue tu," akasema, "nione kama inasoma." Nikaiingiza. Ukatokea ukurasa mweupe, hauna herufi hata moja. Nikashuka chini, mweupe. Nikashuka zaidi, mweupe tu, haufiki mwisho.

"Inatosha," akasema. "Asante, mzee wangu. Umenikaribisha." Akachukua disketi yake akatoka mvuani. Kijitaa chekundu cha mashine kiliendelea kuwaka, kimetulia, ingawa ndani hamkuwa na disketi. Nikafungua mtihani wa shule iliyofuata. Mweupe. Nikafungua mwingine. Nikafungua barua za parokia, kadi za harusi, kila kitu. Majina ya kazi yalikuwapo, kurasa zilikuwapo, maneno hayakuwapo. Hata karatasi nilizokwisha kuzitoa, zilizokuwa zimepangwa mezani, nilipozishika zilikuwa tupu na zenye unyevunyevu.

Jumatatu walimu wakuu walisimama mlangoni wakiwa mikono mitupu. Mama Sofia aliita fundi. Fundi akatazama akasema, "Kinga imezimwa. Virusi vimeingia."

"Nani kaizima?" Mama Sofia alimtazama Dada Veronika. Mashine ilikuwa chini ya uangalizi wake.

"Mama, ni mimi," nikasema. Kweli nilisema.

"Wewe? Wewe wa kutoa fotokopi? Nyamaza, usimtetee mwenzako." Akamgeukia tena. "Veronika, chukua vitu vyako."

Nilimfuata nje. Hakuwa akilia. Aliniuliza polepole, "Ni kweli uliizima?"

"Kweli, Dada. Nisamehe."

"Hilo tungelirekebisha. Yule mzee alikuja?"

"Alikuja."

"Akakupa shikamoo?"

"Akanipa."

"Ukamwitikia?"

Hapo ndipo penye jambo lote. Niliona aibu. Kuzima ngao ningeweza kusingizia haraka ya kazi. Lakini ningemwambiaje kwamba niliitikia shikamoo ya mzee kwa sababu nilitaka kujiona mkubwa?

"Hapana," nikasema.

Akakaa chini kwenye ngazi. "Basi ni mimi," akasema. "Alikuja Ijumaa ulipokwenda kununua karatasi. Kichwa kilikuwa kinaniuma, sikumbuki nilimjibu nini. Ni mimi niliyemwingiza."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasimama pale nikiangalia viatu vyangu mpaka akaondoka.

Baadaye Mama Sofia hasira zilimpungua, akatuma ujumbe Nansio kumwita arudi. Dada Veronika alikataa. Alijibu kwamba hawezi kumletea mama wa watu hasara mara ya pili. Mama Sofia akaiuza ile mashine, akafungua duka la vitenge, nami nikapata kibarua cha kubeba mizigo bandarini. Mtu mmoja wa Nansio, tukipakia magunia, aliniambia bila kujua anamwambia nani kwamba Tereza ameacha shule na anaanika dagaa na mama yake.

Nilipanda meli nikaenda. Nilimkuta Dada Veronika uani akishona gauni la mtu. Nikamwambia yote, mpaka ile marahaba. Tereza alikuwa karibu, akasikia. Hakuna aliyenifokea. Ningeshukuru kama wangenifokea.

"Ungeniambia siku ile ningerudi kazini," Dada Veronika akasema. "Nafasi ya Tereza imekwisha kuchukuliwa na mtoto mwingine." Akakata uzi kwa meno. "Ukimwona tena yule mzee, mwahi. Mwamkie wewe kwanza, umrudishie ukubwa wake. Asikutangulie."

Nilimwona. Si muda mrefu baada ya hapo, mjini, mchana, jua kali. Alikuwa amesimama nje ya duka jipya la kuchapa, koti lile lile, disketi mkononi, miguu safi. Ndani alikuwepo msichana mdogo peke yake mbele ya kompyuta. Nilimsogelea, nikasema, "Shikamoo, mzee."

Alinigeukia kama mtu anayemkumbuka rafiki. "Unaniamkiaje wewe? Si wewe mkubwa wangu?" Akacheka taratibu. Kisha akageukia mlango. "Shikamoo, binti. Mashine bado inapekua?"

"Tumeitoa ile, mzee, ilikuwa inatuchelewesha," msichana akajibu kwa furaha.

Nilitakiwa kupiga kelele. Watu walikuwa wengi barabarani, nikaona haya. Sauti ilinikwama.

"Marahaba," nikamsikia msichana akisema, huku akicheka.

Mzee akavuka kizingiti.

Sikungoja kuona. Nilikimbia, na jina la yule msichana silijui mpaka leo. Kwa hiyo nakuandikia wewe, kwa kuwa kwenye karatasi sauti hainikwami. Mashine yako ikiwa nzito, vumilia uzito wake. Na mtu aliyekuzidi umri akisimama mlangoni pako akakupa shikamoo, usiitikie, hata kama hakuna mtu aliyewahi kukuheshimu hivyo. Mimi siku hizi hata watoto wakiniamkia nachelewa kujibu, wananiona nina kiburi. Kwanza natazama miguu yao kama ina vumbi.