Zebaki Ndani ya Jambia la Mjerumani

Nakumbuka siku nilipoamini kabisa, mwanangu, kwamba ndani ya mpini wa jambia la zamani la Mjerumani mna zebaki nyekundu, na kwamba tone moja lingenunua nusu ya Nairobi na chenji ikabaki. Habari hiyo niliitoa mtaa wa Batha, Riyadh, kwa madereva wenzangu, watu wazima wenye ndevu zao. Ukisogeza simu karibu na mpini, walisema, mtandao unapotea. Nami, na cheti changu cha kisomo cha gumbaru, nikaamini.

Nilikuwa dereva wa bosi mmoja wa mtaa wa Al-Suwaidi, humo humo Riyadh, aliyekusanya majambia ya maafisa wa jeshi la majini la Ujerumani. Alilolipenda zaidi lilikuwa na mpini mweupe uliogeuka rangi ya chai ya maziwa, na kamba ya nyuzi za fedha iliyofungwa fundo shingoni mwa mpini. Ijumaa moja, bosi akiwa msikitini, nikasogeza simu. Mtandao ukapotea. (Nyumba ile mtandao ulipotea hata karibu na sufuria, lakini hilo nililikumbuka baadaye.) Nikafungua fundo, nikajaribu kuzungusha kichwa cha mpini. Kikalia kidogo, nikaogopa, nikalifunga fundo upya, likapendeza kuliko bibi harusi.

Wiki hiyo tukalipeleka Jeddah, kwa mzee wa mtaa wa Bani Malik anayekagua hali ya vitu hivyo. Chuma hakukiangalia hata. Alivaa miwani, akatazama fundo. Alisema limefunguliwa majuzi, kwa sababu nyuzi zilizofichika mikunjoni miaka yote, safi zinazong'aa, sasa ziko nje, na zile chafu zimeingia ndani. Na jambia lililochokorwa, nani atathibitisha kwamba si la kuungaunga?

Bosi akaamua papo hapo. "Ni Wambui. Yeye ndiye hupangusa kabati. Tukirudi namrudisha kwa wakala, halas, imekwisha."

Wambui wa Murang'a, dada aliyeniwekea chapati kila asubuhi, na binti yake yuko shuleni kwa kazi hiyo. Ningenyamaza tu, ningepona.

"Bosi, si Wambui," nikasema. "Ni mimi. Nilikuwa natafuta zebaki."

Nikaeleza yote, hata ya simu. Wambui alibaki na kazi yake. Mimi pia nilibaki, ila kwa mwaka mzima bosi hakuniamini hata na ufunguo wa choo.

Basi, mwanangu, ukisikia neno kuhusu kitu cha mtu, muulize mwenyewe kabla hujakigusa. Na ukishakosea, jitaje mapema, kabla mwingine hajabebeshwa lawama. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na moyo wa kukiri, na akuepushe na wataalamu wa Batha.

Swali la kilichomo mpinini ningeweza kumuuliza mwenyewe tangu mwanzo. Nilimuuliza mzee wa Jeddah siku hiyo hiyo tukiaga, naye akanijibu bila kucheka, akiniita rafiki kwa Kiarabu: "Sadiki, ndani ya mpini ni mti. Mti tu."